Jaketi la Vinyoya: Kuchagua Nguo ya Baridi Kali Katika Mitumba

Mwezi uliopita vijana wa kikundi kimoja hapa Mtopanga walikuja ofisini na swali moja tu. Wanaweka akiba ya safari ya Mlima Kenya. Nauli wameshapata, ada ya kuingia mbugani wanaihesabu, na sasa walitaka kujua kama majaketi waliyookota Kongowea yatafaa. Wakayaweka mezani yote manne. Tukayashika, tukayanusa, tukayainua dirishani penye mwanga. Lile lililokuwa nene kuliko yote, na ambalo lilinunuliwa ghali kuliko yote, ndilo tuliloliambia libaki nyumbani.

Kijana mwenye jaketi hilo hakufurahi. "Lakini hili ndilo zito," akasema. Na hapo ndipo kwenye kosa, wala si kosa lake peke yake. Sisi wenyewe tulilifanya zamani, na karibu litupotezee mtu. Habari hiyo tutaifikia.

Baridi tunayoizungumzia

Sisi watu wa pwani hatuijui baridi. Kusi ikivuma mwezi wa saba tunatoa masweta na kulalamika, na hapo kipimajoto bado kinasoma nyuzi 20 na kitu. Hebu tufanye hesabu. Kwa wastani, ukipanda juu mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Mtopanga tuko karibu na usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho watu wa kawaida wasiojua kamba hufika kwa miguu, kiko mita 4,985. Chukua mchana wa hapa kwetu wa nyuzi 30, utoe 32. Umebaki chini ya sifuri, pale maji yanapoganda, na hatujatia upepo wala usiku. Tena kilele hakipandwi mchana. Watu huondoka kambini saa nane au saa tisa za usiku ili wafike kunapopambazuka. Kilimanjaro ndiyo zaidi, mita 5,895.

Wala si wapanda milima tu wenye haja hii. Tunao vijana wetu mataniboi wanaolala juu ya malori Timboroa, karibu mita 2,700. Wako wanaofanya kazi katika vyumba vya barafu vya samaki. Wako waliopata nafasi ya masomo au kazi Kanada na Ulaya, ambao mama zao huja kutuuliza wawafungashie nini. Na zaidi ya hao wote, wako akina mama wa vikundi vyetu wanaouza mitumba, ambao majaketi haya huwapitia mikononi kila siku na mara nyingi huyauza kwa bei ya kutupa kwa sababu hawajui ni kitu gani.

Kinachotia joto ni nini?

Jaketi lenyewe halina joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Na kinacholizuia vizuri kuliko vyote ni hewa iliyotulia, isiyopeperuka. Mtazame kuku asubuhi ya mvua, anavyojikunyata na kujitunisha mpaka anaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Hakuongeza manyoya. Ameongeza hewa katikati ya manyoya.

Bata na bata bukini wa nchi za baridi wana manyoya ya aina mbili. Yako ya juu, yenye uti katikati, yanayomkinga maji. Chini yake, kifuani hasa, kuna vinyoya vidogo visivyo na uti, vyepesi kama vumbi, kila kimoja kimetawanya nyuzi zake pande zote. Hivyo ndivyo hutiwa ndani ya jaketi. Nyuzi hizo hushikilia hewa nyingi kwa uzito mdogo sana. Wazee wetu walijua jambo hili kwa njia yao: mto wa sufi ni mwepesi, ukianikwa juani hufura tena, na kichwa hupata joto. Mto wa pamba ni mzito, na ukishagandamana umegandamana. Jaketi la vinyoya ni ndugu wa mto wa sufi.

Mwaka 1922 Waingereza walipojaribu kupanda mlima Everest kule Himalaya, wengi walivaa sufu za kondoo na makoti ya kitambaa kizito. Mmoja wao, George Finch, aliyekuwa mwanakemia, alikuja na koti alilolibuni mwenyewe kwa kitambaa cha puto, ndani limejazwa vinyoya vya bata wa baharini. Lilionekana kituko. Huko juu penye upepo likamfaa kweli kweli. Baadaye, mwaka 1940, Eddie Bauer wa Seattle kule Marekani alipewa haki ya ubunifu wa jaketi la vinyoya lililoshonwa kwa mistari. Hiyo mistari mnayoiona haikuwekwa kwa urembo. Inatenga vijumba, ili vinyoya visiporomoke vyote chini na kukuacha mabega matupu.

Basi uzuri wake ni huo, na kasoro yake ni moja kubwa: maji. Vinyoya vikilowa hugandamana kama pamba ya mto, hewa inatoka, na jaketi linakuwa kitambaa kibichi tu mgongoni. Pamba ni mbaya zaidi, kwa sababu hunywa maji na kukaa nayo.

Yaliyotupata Naro Moru

Miaka kadhaa iliyopita tulipanda na kundi la vijana kwa njia ya Naro Moru. Tulijiona tumejiandaa. Kila mmoja alikuwa na jaketi, na mmoja wao alikuwa ameazimwa na mjomba wake jaketi nene kabisa, zito, la kitambaa kigumu, ndani limejazwa pamba. Tulimsifu. Tulisema huyu hata theluji haimwezi.

Kutoka kambi ya Met Station, mita 3,050, mpaka kambi ya Mackinder, kama mita 4,200, mtu hupita sehemu ndefu ya tope na nyasi za mafungu, mlimani kabisa lakini maji yamesimama. Anayepita huko hutoka na matope hadi magotini. Asubuhi ilikuwa baridi na kijana wetu akatembea amevaa lile jaketi. Baada ya saa moja alikuwa anatoka jasho. Hatukumwambia avue. Mchana ikanyesha. Koti la mvua alikuwa nalo, lakini chini kabisa ya mfuko. Alipofika kambini jaketi lilikuwa limelowa nje kwa mvua na ndani kwa jasho, na uzito wake mnaweza kuukisia.

Usiku akaanza kutetemeka. Sote tulikuwa tunatetemeka, hatukujali sana. Kisha akaanza kusema maneno ya kuburuta kama mlevi, na alipotaka kusimama akayumba. Halafu akaacha kutetemeka, nasi kwa ujinga wetu tukadhani amepata nafuu. Kumbe hapo ndipo hatari ilipokuwa inazidi. Mwili uliopoa mno huacha hata kutetemeka.

Aliyetambua ni mpagazi wetu, baba mzima wa kule kule chini ya mlima. Hakuuliza mtu. Alimvua kijana nguo zote mbichi, akamfuta, akamvisha jaketi lake yeye mwenyewe, la vinyoya, limechakaa na kubandikwa viraka, lakini kavu, kwa sababu mchana kutwa lilikuwa limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akamtia ndani ya mfuko wa kulalia, akawaambia wenzake wawili wajibane naye, akachemsha chai ya sukari nyingi. Alimnywesha alipoona anaweza kumeza mwenyewe, kidogo kidogo. Pombe alikataa isitajwe. Kulipokucha wakateremka pamoja, na kijana akapona.

Yeye mpagazi alilala usiku ule na sweta. Tulikuja kulifikiria jambo hilo tukiwa tayari kwenye matatu ya kurudi, na bado tunalifikiria. Tulikuwa tumehesabu nauli, chakula na picha, lakini hakuna aliyeuliza mtu anayebeba mzigo wetu anavaa nini.

Kule Moshi, Tanzania, kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Kabla ya kupanda wanachukua, wakishuka wanarudisha.

Sasa twende Kongowea

Bei hatuziandiki, maana hubadilika kila bale ikifunguliwa. Mtu akiwahi kamera hulipa zaidi, mwenye kungoja fagia hulipa kidogo. Lakini kwa majaketi ya vinyoya tumeona kitu cha ajabu: kwa sababu hapa kwetu hakuna baridi, mara nyingi jaketi bora kabisa huishia kwenye fagia, na lile lenye nembo inayong'aa ndilo linalogombaniwa. Anayejua kuchagua hapa pwani ana bahati kuliko wa Gikomba.

Kwanza tafuta kibandiko cha ndani, kwa kawaida kiko mbavuni kushoto. Hapo wengi hudanganyika. Wanasoma "100% polyester" na kulitupa. Subiri, kibandiko huwa na mistari mitatu: kitambaa cha nje, kitambaa cha ndani, na kilichojazwa. Unachokitafuta ni mstari wa kilichojazwa. Ukiona neno down, au duvet kwa Kifaransa, Daunen kwa Kijerumani, piumino kwa Kiitaliano, plumón kwa Kihispania, hilo ni la vinyoya. Mara nyingi kuna namba mbili, kama 80 na 20 au 90 na 10. Ya kwanza ni asilimia ya vinyoya, ya pili ni manyoya yenye uti. Likiwa 50 kwa 50 litafaa Limuru, mlimani hapana.

Baadhi yana namba nyingine kifuani au kwenye mkono: 550, 600, 700, 800. Hiyo hupima kufura. Maana yake ni inchi za ujazo ambazo gramu 28 tu za vinyoya hivyo zinaweza kujaza. Kwa lugha ya mtungi wa maji, vinyoya vya 600 gramu 28 hujaza karibu lita 10, yaani nusu ya mtungi wetu wa kawaida. Vya 800 hujaza lita 13. Lakini angalieni: namba hiyo ni ubora wa vinyoya, haisemi vimetiwa vingapi. Jaketi jembamba la 800 linaweza kushindwa na jaketi lililojazwa vizuri la 600.

Kibandiko kikiwa kimekatwa, na hukatwa sana, mkono wako ndio kipimo. Kamata sehemu ya mbele, ifinye kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi, uachie. Vinyoya vizuri huinuka polepole mpaka vijumba vijae tena. Ndani ya vidole utahisi hapa na pale vijiti vidogo vinavyochoma: hayo ni manyoya machache yaliyochanganywa. Ukihisi kitu sawasawa kama godoro jembamba, hizo ni nyuzi za kiwandani, si vinyoya. Kisha liinue juu ya jua. Ukiona madonge ya giza na kando yake vijumba vitupu vinavyopitisha mwanga, limelowa likakaushwa vibaya. Madonge machache yanaweza kufunguliwa. Likiwa lote madonge, liache.

Linuse, tena ndani ya kola. Harufu ya ukungu haitoki kirahisi. Lipige makofi mara mbili tatu uangalie mishono: kinyoya kimoja kikitoka si neno, lakini yakiruka kama umechinja kuku, kitambaa kimechoka. Usikivute kinyoya kilichochungulia, maana humvuta mwenzake. Kishike kwa upande wa ndani ukirudishe.

Zipu ifungue na kuifunga mara tatu hapo hapo mbele ya muuzaji. Chumvi ya hewa yetu hula zipu za chuma, za plastiki ni salama zaidi. Nyuma ya zipu pawe na ukingo wa kitambaa, la sivyo upepo utaingia kifuani moja kwa moja. Tafuta lenye kofia, lenye mikono inayobana, na lenye kamba ya kukaza chini. Lijaribu juu ya sweta, si juu ya fulana. Inua mikono yote miwili: mgongo ukibaki wazi ni dogo. Na lisiwe kubwa hata mtu wa pili aingie, kwa sababu hewa inayopigapiga ndani nayo hupoza.

Mama mmoja anayeuza pale, tunayemheshimu sana, alipotuona tukifinya na kunusa alituuliza, "Wanangu, mnanunua jaketi au mnaposa?" Tukamweleza. Aliingiza mkono kwenye lundo lake, akafinya moja baada ya jingine, akatoa mawili akayaweka kando. "Haya hamtayaona tena kwa bei ya jana," akasema. Na kweli hatukuyaona.

Kama huna uhakika na mvua

Kuna majaketi yaliyojazwa nyuzi za kiwandani. Ni mazito kidogo na hayajikunji yakawa madogo, lakini yakilowa hubakiza joto kiasi na hukauka upesi. Kwa msimu wa masika, au kwa mtu anayepita njia yenye tope kama ile yetu, au kwa taniboi asiyeweza kulitunza, hilo ni bora kuliko la vinyoya. Na bei yake ni ndogo. Vijana wetu wanaopanda wakati wa kaskazi, mwezi wa kwanza au wa pili ambapo mlimani huwa pakavu zaidi, wanaweza kwenda na vinyoya, ila koti la mvua liwe juu kabisa ya mfuko.

Tena jaketi hili si la kutembea nalo mchana. Ukiwa unapanda, fulana isiyo ya pamba na sweta la flisi vinatosha, maana mwili unachemka. Jaketi hukaa ndani ya mfuko wa nailoni, hutolewa unapopumzika, unapolala, na katika ule mwendo wa usiku wa kwenda kileleni.

Jambo moja tusilichanganye na baridi: anayeumwa kichwa sana, kutapika na kupungukiwa pumzi huko juu, jaketi halimsaidii. Huyo ateremshwe, hata kama ni usiku.

Kulifua na kulitunza huku kwetu

Mitumba lazima ifuliwe, lakini jaketi hili si shuka. Tumia sabuni laini kidogo tu, maji ya uvuguvugu kwenye karai kubwa. Sabuni ya unga kali na dawa ya madoa huondoa mafuta asilia ya vinyoya, na bila mafuta hayo havifuri. Usikamue kwa kusokota. Gandamiza kwa viganja maji yatoke, suuza mpaka povu liishe, na unapoliinua lishike kwa mikono miwili kwa chini kama mtoto mchanga, maana likilowa ni zito na mishono ya ndani hupasuka.

Kulikausha ndiyo kazi. Litandaze juu ya mkeka au wavu penye upepo, usilitundike. Kila baada ya saa moja ligeuze na kuyafungua madonge kwa vidole. Hewa yetu ina unyevu, hivyo huchukua siku mbili au tatu, na wakati wa mvua usijaribu kabisa. Likiwa kavu nje, ndani bado. Lifungie usiku mmoja kwenye mfuko, asubuhi ulinuse: likitoa harufu ya ubichi, rudi mkekani. Wakati wa kulihifadhi usilibane chini ya masanduku, lining'inize palipo pakavu. Zipu ipake mshumaa.

Tundu la cheche ya moto libandike kiraka cha nailoni kwa gundi, usilishone kwa sindano kubwa. Kila tundu la sindano ni mlango wa vinyoya.

Tuliyokubaliana na wale vijana

Wako wanane. Wenyewe walitaka kila mmoja anunue lake, na hesabu ilikuwa inakula nusu ya akiba. Tukawauliza jaketi hilo watalivaa lini tena hapa Mtopanga. Wakacheka. Mwisho waliamua kikundi kinunue manne mazuri ya vinyoya na kupanda kwa zamu mbili, wanne wanne, moja mwezi wa kwanza na moja wa pili. Nanyuki na Naro Moru pia kuna wanaokodisha, kwa hiyo likipungua moja si mwisho wa safari. Wakirudi, majaketi yatafuliwa na kuwekwa ofisini kwetu, na kikundi chochote cha parokia kitayaazima kwa amana ndogo ya kurudishwa, na daftari la kutia sahihi.

Mmoja wao, yule mwenye jaketi zito, ndiye aliyeuliza kama hesabu ya manne imemweka mpagazi. Haikuwa imemweka. Wakaongeza la tano, la nyuzi za kiwandani, saizi kubwa, ili akikuta mvua pia limfae. Bado hawajalipata. Akina mama wa Kongowea wanaosoma ukurasa huu, mkifungua bale na kukutana nalo, lenye kofia na zipu nzima, tuwekeeni kando.